Kona ya Chini, Kushoto

3 Machi

Kwako Mama,

Shikamoo. Hunijui, na mimi sikujui. Anwani yako nimeipata kwenye daftari la wastaafu wa kiwanda. Kando ya jina lako wameandika "Wembe", na katibu wao akaniambia ndivyo ulivyoitwa na kila mtu, hata na mkurugenzi. Nisamehe basi kwa kuliandika juu ya bahasha.

Mimi ni fundi wa kike katika makumbusho ya mashine. Mwaka huu nimepewa kazi moja tu: ile prosesa, ubongo wa kompyuta, mliyoichora ninyi wa ofisi ya michoro miaka arobaini na nne iliyopita. Tunataka wageni waione ikifanya kazi. Ukiishika mkononi hakuna cha kuona, ni kidude cheusi chenye miguu mingi. Kwa hiyo tulichukua moja, tukaliunguza ganda lake kwa tindikali, tukapiga picha kilichomo ndani kwa hadubini. Picha mia tatu na kitu, tukaziunganisha kuwa moja. Kuanzia hapo ni mimi na skrini. Nafuata kila njia ya umeme, naizungushia mstari, naipa namba. Zikiisha zote, programu inajua kipi kimeungana na kipi. Ukibonyeza kitufe mara moja, njia zenye umeme zinawaka nyekundu, zisizo na umeme zinabaki kijivu. Ukibonyeza tena, zinabadilika. Unaiona namba inaingia upande huu, inazunguka, inatokea upande ule.

Nimemaliza. Inafanya kazi, isipokuwa amri moja. Ikiambiwa isogeze namba hatua moja kushoto, tarakimu ya mwisho inapotea. Nilidhani nimefuata vibaya, nikarudia mara nne. Sikukosea. Kwenye kona ya chini, kushoto, kuna njia iliyokatika. Nasikia prosesa za toleo la kwanza zilirudishwa kiwandani kwa kosa hilo hilo, na hii yetu ni ya toleo la kwanza.

Swali langu ni fupi. Kona ya chini kushoto aliichora nani?

Samahani kwa usumbufu.

Fundi wa Chumba cha Pili,
Makumbusho ya Mashine


15 Machi

Binti fundi,

Marahaba. Umefanya la maana kuandika. Masikio yangu na simu hayapatani siku hizi, mtu akinipigia namjibu asichoniuliza.

Kwa hiyo mmeiunguza ili muione. Haya. Sisi tuliichora na hatukuiona hata siku moja.

Meza yetu ilikuwa kubwa kuliko chumba ninacholala sasa, kioo juu, taa chini yake. Juu ya kioo tunatandika filamu moja pana yenye tabaka mbili: ya chini inapitisha mwanga, ya juu nyekundu. Kazi ilikuwa kuikata ile nyekundu kwa kisu bila kuigusa ya chini, halafu unabandua kwa kibano. Palipobanduliwa ndipo umeme utakapopita. Ikiisha inapigwa picha na kupunguzwa mara mia tano mpaka inakuwa ndogo kama ukucha wa mtoto. Tulikuwa wanne, kila mtu na kona yake. Mkono haufiki katikati, basi tulikuwa tunapanda mezani kwa magoti, miguuni soksi tupu. Mkubwa wa ofisi alikuwa akipita kutukagua soksi, yako ikiwa na tobo unarudishwa nyumbani. Watu wazima na heshima zao wanatambaa juu ya meza! Mtu akipiga chafya tunamshukia wote watatu. Nilicheka sana katika chumba kile.

Kona ya chini kushoto ilikuwa ya Rula. Tulimwita Rula kwa sababu yeye hakuhitaji rula. Habari zake kila mtu anazijua, hata kwenye ripoti zimo. Sheria ilikuwa mtu hakagui kona yake mwenyewe. Anakagua mwenzake na kusaini, na ikishasainiwa hakuna kugusa. Kona yake ilikaguliwa, ikasainiwa kuwa iko sawa. Baadaye ikaonekana imekatika. Kwa hiyo alirudi kuigusa. Alikuwa na tabia hiyo, haridhiki. Akafukuzwa. Ni zamani sasa.

Na wewe ukishaiona njia iliyokatika, si uiunge tu? Ya kwenye skrini haina gharama. Unga, wageni wako wafurahi.

Wembe
(siku hizi butu)


28 Machi

Mama Wembe,

Shikamoo. Kuna jambo nilipaswa kulisema kwenye barua ya kwanza. Rula ni baba yangu. Sikusema kwa sababu nilitaka unijibu kama unavyomjibu mtu baki.

Yuko hai. Anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Baada ya kiwanda alipaka mistari ya barabarani miaka ishirini na sita. Sijamsikia hata siku moja akitaja ofisi ya michoro. Habari nilizipata kwa mama, na mama naye alizisema mara moja tu, akiwa anapiga pasi. Ninachokijua mimi ni kwamba baba hakuwahi kusaini kitu. Ripoti zangu za shule alisaini mama. Akifunga mlango anarudi kukishika kitasa mara tatu, mara nne, sisi tunamsubiri nje na mabegi. Nilidhani baba wote wako hivyo.

Sasa kumbukumbu zinamtoka. Bado ananijua mimi nani na anajua yeye nani. Daktari hakutaka kusema zitaisha lini, nilipombana akasema katikati ya mwaka. Sijui najisikiaje. Nimekuwa nasubiri nijisikie kitu. Naamka, nakwenda kufuata njia za umeme, narudi, nampa chakula, naosha sahani mbili.

Lakini kuna hili. Pale njia ilipokatika nimelizungushia pengo mstari, kama ninavyofanya kwa kila kitu. Pande tatu zimekatwa kwa kisu. Upande wa nne umechanika, na una kijino. Nimeipitia kona yote ya baba, njia mia saba na zaidi, hakuna mahali pengine alipoacha mchaniko. Nikaiagiza programu itafute umbo kama hilo kwingineko. Likapatikana moja tu: kona ya juu, kulia. Pande tatu, mchaniko, kijino. Ila kule si pengo, ni njia. Maana yake ni mahali ambapo filamu nyekundu ilibanduliwa. Kipande kilichobanduliwa juu kulia ndicho kilichokuja kunata chini kushoto na kuziba.

Ni kipande kimoja, Mama. Baba hakurudi kugusa kitu.

Kona ya juu kulia ilikuwa ya nani? Na ni nani aliyekagua kona ya baba?

Nakuomba unijibu upesi. Nataka kumwambia wakati bado anaelewa, na niwe na uhakika, kwa sababu najua atauliza mara nne.

Binti wa Rula


2 Mei

Binti,

Marahaba. Nimechelewa. Kwanza magoti, halafu mvua, halafu stempu ziliisha. Sikujua kama Rula ana mtoto. Wala sikujua kama yuko hai, kusema kweli. Mtu akiondoka kazini kwa namna ile hamtafutani.

Kona ya juu kulia ilikuwa ya Mrefu. Ni marehemu, ana miaka kumi sasa. Na yeye huyo huyo ndiye aliyekagua kona ya baba yako. Alikuwa mtu mwema, mzembe kidogo, mguu wake mmoja tu ulijaza nusu ya meza. Filamu ile ilikuwa inanata popote, kwenye nywele, kwenye kiwiko, ukiipuliza ndiyo kwanza inakufuata. Sasa marehemu hawezi kujitetea, nami sipendi kumsema. Mwambie baba yako ilikuwa feni. Tulikuwa na feni kubwa pale.

Msalimie. Au acha, sidhani kama ananikumbuka.

Wembe


9 Mei

Mama Wembe,

Shikamoo. Asante kwa barua.

Kumbukumbu za kiwanda ziko orofa ya chini ya jengo hili, dakika tano kutoka mezani kwangu. Ningeweza kushuka tangu Machi. Sikushuka. Nadhani nilitaka kuambiwa na mtu. Jana nimeshuka. Kwenye karatasi ya mgawo wa meza, kona ya juu kulia, saini ni yako. Kwenye karatasi ya ukaguzi wa kona ya chini kushoto, saini ni yako. Mrefu alikuwa juu kushoto.

Sikuandikii kukusuta. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili nilimleta baba makumbusho. Hakukuwa na wageni. Nikamkalisha mbele ya skrini, nikabonyeza kitufe polepole, mara moja moja. Alitazama muda mrefu, mikono juu ya mapaja. Halafu akaanza kuzitaja njia zinakokwenda kabla hazijawaka. Hakukosea hata moja. Nikaendelea kubonyeza. Bila mtu kumwuliza akaweka kidole chini kushoto, akasema, "Hapa ndipo nilipoharibu."

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha umbo la chini, nikamwonyesha la juu, nikayaweka moja juu ya jingine yakalingana. Akasema, "Wembe alikagua akasema iko sawa. Wembe hakosei. Basi nilirudi nikaigusa, ila sikumbuki."

Nikamwambia, "Hukuigusa, baba."

Akasema, "Mwanangu, wewe hukuwepo."

Ni kweli. Sikuwepo. Wewe ulikuwepo, na katika dunia nzima ni wewe tu ambaye baba anaweza kumwamini kuhusu meza ile.

Hapa nilipaswa kuwa na hasira nawe. Nimejipapasa nikaitafuta, sijaiona. Nakuambia lilivyo. Juzi asubuhi baba aliniuliza kama mimi ndiye nesi mpya. Mchana akanikumbuka, akaniuliza mbona sijaenda kazini. Nikaenda kazini.

Andika, Mama. Mstari mmoja unatosha, ila uwe kwa mkono wako. Anasema mwandiko wako anaujua.

Binti wa Rula


30 Mei

Binti wa Rula,

Usiniamkie tena mpaka umalize kuisoma hii. Ukimaliza utaamua mwenyewe kama shikamoo yako inastahili kufika huku.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimemaliza kona yangu, nikaambiwa nikakague ya Rula. Kulikuwa na kitambaa kibichi kwenye beseni, na kabla ya kuvuka kwenda kona ya mwenzio unafuta magoti na nyayo. Baba yako alikuwa anafuta mpaka tunamwuliza kama anakwenda kuposa. Mimi siku ile sikufuta. Mrefu alikuwa amesema kitu, nikawa nacheka, nikapanda hivyo hivyo. Nikaikagua kona ya Rula kwa lenzi, njia kwa njia. Ilikuwa safi. Nakwambia binti, ilikuwa safi mpaka inaudhi. Nikasaini, nikageuka, nikatambaa kurudi. Ni wakati huo wa kugeuka ndipo kipande kilipobaki.

Nilipofika nyumbani, nikivua soksi, nikaona kipande chekundu kimenata kisigino. Kidogo, kama punje ya mchele. Hapo hapo nikajua vipande vinasafirije. Nikakitupa kwenye taka nikajiambia: kilichonata kwangu ni hiki, basi nilichobeba ni hiki tu. Nililala vizuri. Nataka ujue hilo pia.

Baada ya miezi mitatu prosesa zikarudi mbovu. Tuliitwa wote. Mimi niliulizwa jambo moja: uliikagua, ukaona iko sawa? Nikasema ndiyo. Ni kweli. Habari ya magoti hawakuniuliza. Baba yako aliulizwa: uliigusa baada ya saini? Mtu mwingine yeyote angesema hapana, yakaisha. Yeye akakaa kimya anafikiri. Alikuwa anafikiri kweli, unamwona. Akasema, "Sikumbuki kuigusa." Wakaandika kwamba hakumbuki. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Wiki iliyofuata nikapewa kona yake pamoja na yangu, na cheo.

Mrefu nilimsingizia kwa kuwa maiti hapokei barua. Sina sababu nyingine nzuri zaidi.

Barua yako ya tarehe tisa nimekaa nayo wiki tatu. Ya baba yako nimeiandika nikaichana mara nne. Hiyo iliyomo ndani ya bahasha ni ya tano. Sikuomba msamaha humo, kwa sababu nikiomba ataacha mambo yake aanze kunihurumia mimi, ndivyo alivyo. Nimeandika kilichotokea, basi.

Nilidhani nikishasema nitahisi nimetua mzigo. Sijahisi kitu. Nimeinuka nikachemsha maji.

Wembe


(karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha hiyo)

30 Mei

Rula,

Kona yako ilikuwa safi. Niliikagua kwa lenzi nikaiona safi, ndipo nikasaini. Nilipokuwa nageuka kurudi, kipande kutoka kona yangu, kilichonata kwenye goti langu, kikabaki kwako. Sikufuta magoti siku ile. Wewe hukurudi. Hukuigusa. Hukusahau kitu, kwa sababu hakuna kilichotokea cha kukumbuka. Ni mimi.

Wembe


11 Juni

Mama Wembe,

Shikamoo. Nimeisoma mpaka mwisho.

Mkurugenzi wa makumbusho alitaka niiunge njia iliyokatika kabla ya kufungua chumba. Nimekataa. Wageni wanabonyeza, tarakimu inapotea, wanauliza kwa nini, na ubaoni nimeandika ilivyokuwa: meza, magoti, kipande. Majina hakuna. Watoto wa shule wanakipenda kile kipande kuliko prosesa nzima, wanagombania kukitafuta.

Barua yako ilifika Jumanne. Mpaka wiki ya tatu ya Mei baba alikuwa bado na siku zake nzuri. Machi niliipoteza mimi kwa kujifanya mtu baki, na Aprili na Mei ukazipoteza wewe. Sisemi zaidi ya hapo.

Nilimsomea siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, ameoga, amekunywa chai, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Nilimpa kwanza karatasi auone mwandiko. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia, akasema soma wewe, miwani hii ni ya nani sijui. Nikasoma. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, polepole.

"Huyu Rula," akaniuliza, "ndiye aliyefukuzwa?"

"Ndiye."

"Na kumbe hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu."

"Masikini." Akaitazama karatasi. "Ni mzee sasa?"

"Ni mzee."

"Mmeshamwambia?"

Nikasema, "Tumemwambia leo."

"Kasemaje?"

Nikasema hajasema kitu bado.

"Mpeni muda," akasema. "Msimharakishe. Jambo la miaka yote hiyo, mtu hulipokea kidogo kidogo." Akaichukua karatasi mapajani mwangu, akaikunja sawasawa, ncha juu ya ncha, akanirudishia nimtunzie huyo bwana. Halafu akauliza kama ana mtoto.

Nikasema ana binti mmoja.

"Na huyo binti ana mtu wa kukaa naye? Asije akawa peke yake na habari kama hii."

Nikamwambia anakaa na baba yake.

"Basi afadhali," akasema.

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi nikalia, Mama, mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Leo ni siku ya tatu na bado nalia.

Binti wa Rula